Mfuo kwenye Pua ya Mheshimiwa

Kwenye jengo la televisheni ya taifa kulikuwa na chumba kimoja ambacho kila mkubwa akishaingia hunywea. Ni chumba cha poda. Mtu ukishafungwa kitambaa shingoni, ukaambiwa fumba macho na funga mdomo, ubabe wako unabaki mlangoni pamoja na viatu vya walinzi wako. Chenyewe kilikuwa chembamba, kina kioo cha ukuta mzima kilichozungushiwa balbu za manjano kumi na nne, mbili zimeungua na hakuna aliyejisumbua kuzibadilisha, kiti cha kuzunguka chenye mguu mmoja mbovu, na sinki lililodondosha maji tone tone kutwa nzima.

Mwenye chumba aliitwa Mama Poda, ingawa hakuwa mama wa mtu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, vidole virefu na ulimi usio na breki, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepaka nyuso za mawaziri, wachezaji mpira na wasoma habari bila kubagua. "Ukinuna hivyo poda itapasuka, baba," aliwaambia, na wakubwa wakatii kama watoto wanaokatwa kucha.

Mwaka wake wa kwanza alifanya kosa ambalo nusura limfukuzishe kazi. Alinunua kopo la poda nyeupe, laini kupita kiasi, akampaka msoma habari wa jioni. Pale kwenye kioo, chini ya balbu za manjano, jamaa alipendeza kama bwana harusi. Alipokaa studio chini ya zile taa nyeupe kali, poda iligeuka majivu kwenye picha, ingawa kwa macho matupu haikuonekana, na kila mkunjo wa uso ulioishika poda ile ukachoreka kama umepigwa chaki. Nchi nzima ilicheka, na yule bwana aliitwa Mzimu hadi siku aliyostaafu. Mama Poda akapewa onyo la maandishi. Kopo hakulitupa. Alilisukuma chini kabisa ya droo limkumbushe kwamba macho ya kioo na macho ya kamera ni vitu viwili.

Mheshimiwa, yaani mkuu wa nchi mwenyewe, alikuwa mtu wa kiti kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa alikuwa amepita miaka themanini, na nywele zilikuwa nyeusi kwa kupakwa. Ugonjwa ulipoingia nchini na watu wakaanza kuzika kila wiki, alipanda jukwaani akasema, "Barakoa wanavaa majambazi na waoga. Wewe ni yupi?" Ukumbi ulicheka hadi watu wakashika mbavu. Mama Poda alikuwa nyuma ya kamera na brashi mkononi, na yeye akacheka. Kicheko hicho hajajisamehe mpaka leo.

Baada ya hotuba ukaja waraka: walimu wavue barakoa, kwani zinawatia watoto hofu. Mdogo wake Mama Poda alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, watoto sabini na wawili katika chumba chenye madirisha mawili. Mama yao, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho, alikuwa amewashonea mabinti zake barakoa mbili za kitambaa kimoja cha bluu, pindo mara mbili. Mwalimu alikuwa mbishi tangu utotoni. Aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, akaambiwa aivue, kesho yake akaja nayo tena.

Jumapili moja walikuwa wote watatu jikoni kwa mama, wanamenya viazi. Mwalimu akamgeukia mkubwa wake.

"Dada, wewe unakaa naye uso kwa uso. Hebu niambie ukweli. Mzee anaamini haya anayoyasema? Maana kama anaamini, na anajua asichokijua mtu mwingine, basi na mimi niivue nipumzike na huyu mkuu wangu."

Hapa ndipo penye kidonda, na sitakificha. Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo Mama Poda alikuwa amemkalisha Mheshimiwa kitini na kuona jambo. Juu ya pua, ukishuka mashavuni hadi kidevuni, kulikuwa na mfuo, mstari uliodidimia kwenye ngozi. Ni alama ya barakoa ya oksijeni iliyobanwa usoni kwa saa nyingi. Walinzi wake nao walikuwa wamevaa barakoa ndani ya gari, wakazivulia mlangoni kabla kamera haijawaona. Msemaji wa Mheshimiwa, ambaye waandishi walimbandika jina la Shwari kwa kuwa hata angewaka moto angesema mambo ni shwari, alimwekea Mama Poda karatasi ya kiapo cha siri, akamwambia, "Saini hapa, mama, halafu usahau." Akasaini. Mfuo akaufunika kwa rangi nzito, akaupooza kwa sifongo, hata mwenyewe akajisifu kwa kazi safi.

Kwa hiyo mdogo wake alipouliza, Mama Poda aliangalia kiazi kilichokuwa mkononi mwake, akasema, "Anaamini."

Jumatatu Mwalimu alikwenda shule uso wazi. Wiki ya tano alikuwa kwenye benchi la korido, nje ya wodi ya wanawake katika hospitali kuu, kichwa chake kwenye mapaja ya dada yake, anavuta pumzi kwa mabega. Muuguzi alipita mara tatu bila kuwatazama. Mara ya nne alisimama.

"Mitungi ya oksijeni ilichukuliwa yote wiki iliyopita, dada. Walisema ni kwa kazi maalumu. Hata mimi sijaambiwa imekwenda wapi."

Ilipofika saa tano asubuhi mabega yakatulia. Cheti cha kifo kiliandikwa kichomi. Ofisi ya Shwari ilituma kadi ya pole iliyopigwa chapa, jina la marehemu limekosewa.

Mama Poda alirudi kazini baada ya siku saba, na aliporudi hakuwa yule yule. Utani ulikwisha. Kisasi kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hakimezeki na hakitemeki. Alimchukia yule mzee na akajichukia mwenyewe, na kwa kuwa kujichukia kunachosha, alimchukia mzee kwa mafungu mawili. Kila alipompaka, vidole vilipita karibu na koo lile lililolegea, naye akamwomba Mungu ampe uvumilivu. Hakutaka roho ya mtu. Alitaka aumbuke, tena aumbuke mbele ya walewale aliowachekesha.

Huko nje watu walikuwa wameanza kuhesabu. Kwenye foleni za maji na kwenye viti vya vinyozi walinong'onezana kwamba mzee hali yake si nzuri, na kwamba hizo hotuba mpya si mpya, mbona tai ni ileile ya mistari kila wiki? Nani anaendesha nchi? Wengine walikamatwa kwa kuuliza. Walipozidi, Shwari akaona hakuna dawa isipokuwa Mheshimiwa aonekane moja kwa moja, saa nne asubuhi, dakika kumi na mbili, bila kukatwa.

"Leo tunawafunga midomo," alisema akiingia chumba cha poda huku akisugua viganja. "Mama Poda, nataka awe kijana."

"Mimi napaka, bwana, sifufui."

"Acha maneno yako. Mambo shwari."

Wanaume wawili walimwingiza Mheshimiwa wamemshika kwapani. Wa tatu alisukuma mtungi wa oksijeni kwenye kigari, akauegesha kando ya sinki. Walimvua barakoa yake ya plastiki, na mfuo ulikuwa pale, mwekundu na wa kina kuliko siku zote. Mama Poda aliinama kuchukua kitambaa cha shingo, na macho yake yakatua kwenye bega la mtungi. Palikuwa na kipande cha plasta ya hospitali kimeandikwa kwa kalamu nzito: WODI 4 WANAWAKE. Aliisoma mara mbili. Korido ile aliijua, rangi ya mlango wake aliijua, na namba iliyokuwa juu ya mlango alikuwa ameitazama tangu alfajiri hadi saa tano.

Alishika ukingo wa sinki. Halafu akajikaza, akavuta droo, akapeleka mkono chini kabisa.

Alianza kama kawaida, rangi ya msingi, sifongo. Mheshimiwa alikuwa amefumba macho.

"Nasikia ulifiwa," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mdogo wangu. Alikuwa mwalimu."

"Aliumwa nini?"

"Cheti kinasema kichomi."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, wakamngoja amalize. "Kichomi," alisema akijifuta mdomo. "Kibaya sana hicho kichomi siku hizi." Na bila kufumbua macho akatabasamu, kama mtu anayeshirikiana utani na mwenzake wa zamani.

Kama Mama Poda alibakiwa na huruma hata chembe, ilimtoka hapo. Alichovya brashi kwenye kopo la poda nyeupe. Aliipitisha juu ya pua, akaikandamiza ndani ya mfuo kwa ncha ya kidole, akaufuata ukishuka shavu la kulia, ukizunguka kidevu, ukipanda shavu la kushoto, taratibu, bila kuruka hata sehemu moja. Hajawahi kufanya kazi kwa uangalifu namna ile. Chini ya balbu za manjano mfuo ulitoweka kabisa.

Shwari aliinama kwenye kioo, akapiga makofi. "Mama, umemrudisha miaka ishirini! Shwari kabisa!"

Studioni hakukuwa na skrini hata moja, kwa sababu Mheshimiwa hakupenda kujiona anavyozeeka na aliamuru ziondolewe. Mama Poda alisimama mahali pake, nyuma ya kamera. Taa kali zikawashwa. Mpiga picha, ambaye alimzika baba yake mwezi uliopita, aliweka jicho kwenye kamera, akalitoa, akamtazama Mama Poda muda mrefu. Halafu akarudisha jicho, akaivuta picha, na uso wa Mheshimiwa ukajaa skrini ya kila nyumba nchini.

Mheshimiwa akasema kwamba yeye ni mzima wa afya, kwamba ugonjwa ni maneno ya wasiotutakia mema. Alipokuwa akisema hayo, barakoa nyeupe ilikuwa imechoreka usoni mwake, juu ya pua, mashavuni, chini ya kidevu, wala mtu hakuhitaji kuelezwa. Juu kwenye chumba cha mitambo waliona, wakatoa macho, lakini kukata hotuba ya mkuu wa nchi kulihitaji saini tatu, na wenye saini walikuwa wamejificha chooni. Dakika ya tisa simu ya Shwari ilianza kutetemeka mfukoni na haikunyamaza tena.

Dakika ya kumi Mama Poda alichukua mkoba wake, akavaa barakoa yake ya bluu mbele ya walinzi, akatoka kwa lango la nyuma.

Njiani alipita dukani penye televisheni, watu wamejazana barazani. "Kumbe anaivaa!" mwanamke mmoja mwenye kikapu cha vitunguu alipiga kelele. "Kumbe anaivaa, jamani, na sisi je?" Wakaangua kicheko, kisha kicheko kikafa ghafla, kila mtu akamkumbuka marehemu wake. Mama Poda alifurahi. Tusizungushe maneno, alifurahi kweli kweli, akatembea upesi apeleke furaha hiyo nyumbani.

Mama yake alikuwa ameketi karibu kabisa na televisheni, kama wanavyokaa wenye macho mabovu. Hotuba ilikuwa imekwisha, zikapigwa nyimbo za taifa.

"Mama, umeona?"

"Nimeona." Hakugeuka. "Ile ni alama ya kubanwa na kitu. Mimi ni fundi, najua kitambaa kinavyoacha alama na plastiki inavyoacha."

"Nimemwonyesha kwa dunia, mama. Nimemlipia mdogo wangu."

 Bibi kizee alikuwa na barakoa ya marehemu mapajani, ile ya bluu, anaipapasa pindo.

"Wewe ndiye unayempaka siku zote," alisema. "Alama hiyo uliiona lini mara ya kwanza? Kabla ya Jumapili ile ya viazi, au baada?"

Mama Poda angeweza kudanganya, na miaka kumi na tisa ya kufunika nyuso za watu ingemsaidia. Alivua barakoa yake.

"Kabla, mama. Siku tatu."

Mama yake alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitambaa akakuta kimepungua. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Watakuja kukutafuta," alisema. "Wakija, mimi sijakuona, sijui ulipo, hata wanivunje mikono. Wewe ni mwanangu. Lakini leo usinikalie karibu."

Mama Poda akachukua kigoda, akakisogeza hadi mlangoni, akakaa hapo. Walibaki hivyo mpaka jua likashuka, nyimbo za taifa zikiendelea kupigwa.