Kinyasa cha Shangazi Otilia

Watu wa Mkumbi, kule milimani kwa Wamatengo, walishamzoea Otilia. Wenzake wakimaliza kupalilia hukaa wakanyoosha miguu. Yeye hutafuta lugha. Kingoni alikipata kwa jirani aliyeolewa kutoka upande wa Songea. Kinyasa alikiokota sokoni Mbinga, kwa akina mama wauza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Anajaribu sentensi moja, anatazama nyuso. Wakicheka, anauliza wamecheka nini, kisha anakwenda kuijaribu kwa mwingine. Faida yake? Hakuna. "Nataka tu kujua na wenzetu wanasemaje," husema.

Mwezi wa sita, kaka yake Leopold akamchukua kwenda Liuli, ziwani kwa Wanyasa, kumposea mwanawe Kiliani. Binti aliitwa Glorious. Njiani Leopold akamwonya, "Dada, hicho Kinyasa chako kifunge kwenye kitenge. Usikitoe. Sikiliza tu, utatuambia."

Wakapokelewa vizuri, wakaandaliwa ugali na samaki. Maneno ya posa yalisemwa kwa Kiswahili, lakini ya ndani kila upande uliyageuzia kwenye lugha yake, palepale mkekani, bila hata kushusha sauti.

Otilia akala kimya, masikio yamemsimama. Wenyeji wakasema Leopold anamega ugali kama anachimba msingi wa nyumba. Akameza kicheko pamoja na tonge. Wakasema kijana ana adabu. Akafurahi. Ndipo Bibi Edina, aliyemlea Glorious, akasema, "Mimi simtoi. Kule juu baridi, na wote ni Kimatengo tu. Mtoto ataongea na nani? Na kuku?"

Hakuna aliyembishia. Mzee Zabron, msemaji wao, akakohoa, akawageukia wageni kwa Kiswahili. "Ndugu zetu, tumewasikia. Nendeni kwanza nyumbani, tutawaita."

Maana yake kila mtu mzima anaijua. Kiliani akainamisha kichwa.

Otilia akaweka bakuli chini. "Mama," akasema kwa Kinyasa, "ataongea na mimi."

Aliyekuwa akinawa aliacha mkono hewani.

"Umeanza kusikia tangu lini?" akauliza Bibi Edina.

"Tangu ugali, mama."

"Na ule msingi wa nyumba?"

"Na msingi."

Mama mmoja akajifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika. Bibi hakucheka. "Umekaa kwetu kama mwizi."

"Ni kweli. Nisamehe, mama. Nilitaka kusikia mnavyoongea mkiwa peke yenu."

Leopold akamvuta kitenge. "Dada, wanasemaje?"

"Subiri."

Bibi akaanza kumhoji. Baridi ya Mkumbi ikoje? Nani atamfundisha mtoto kulima mlimani? Akiugua usiku, atamwita nani, kwa lugha gani? Otilia akajibu, akakwama, akarudi nyuma, akajibu tena. Alipokosa neno alilichora kwa mikono. Jasho lilimtoka kuliko siku ya kuchuma kahawa.

Mwishowe Bibi Edina akamgeukia Zabron, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Posa ipokelewe. Ila mama huyu abaki hapa wiki mbili. Kinyasa chake kina mawe kama mchele wa dukani. Siwezi kumkabidhi mjukuu wangu kwa mtu anayeongea hivi."

Kiliani akainua kichwa.

"Dada, na kahawa je?" Leopold akashtuka. "Imeshaiva!"

"Utachuma wewe," akajibu Otilia bila kugeuka. Alikwisha kusogea mkekani kwa bibi, ameshika mfupa wa samaki, anauliza samaki huyu huitwaje akiwa bado mdogo.