Tulipolaza Kinga kwenye Njia ya Bengamisa

Mwaka wa 1999, nikiwa na miaka thelathini na nane, taabu ilinishika. Kabla ya hapo nilikuwa mbeba magunia bandarini hapa Kisangani, na nilikula vizuri. Kisha vita vikakata mto. Boti kubwa za Kinshasa hazikupanda tena, bandari ikaota majani, na mtu mwenye mabega kama yangu akawa anashinda nyumbani akitazama sufuria. Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Haya ninayoandika nayajua kwa mwili.

Mke wangu ndiye aliyetutoa. Alikuwa na vikwembe vya ndoa, yaani vitenge, vile vizuri vinavyokunjwa sandukuni kungoja siku kubwa. Asubuhi moja alivibeba sokoni, akabakiza kimoja tu cha kuvaa kanisani, akarudi anasukuma kinga. Kinga ndiyo baiskeli, sisi tunaiita hivyo.

"Papa ya batoto," akasema, "njo hii sasa vikwembe yangu. Ukiiangusha, umeniangusha miye."

Nikawa toleka, yaani mwanaume wa kubeba watu na mizigo kwa kinga, kwa sababu magari yalikuwa yamelala bila mafuta. Tulikuwa wengi. Tulikwenda mpaka Bengamisa kuchukua mihogo, pondu, ndiyo majani ya mihogo, na mawese. Kurudi tulisukuma kwa miguu, maana kinga yenye mzigo ule haipandwi. Mimi nilishika usukani, mke wangu alisukuma nyuma, na njia nzima alikuwa ananitukana kwa utamu: "Tembea basi, mubeba magunia! Ama walikuwa wanakubebea?" Mji wote ulikula kwa magurudumu yetu.

Na tulikuwa na desturi moja. Mwenzetu akifa, kila toleka analaza kinga yake chini mbele ya nyumba ya matanga, kwa ubavu wa kushoto, na hakuna anayebeba kitu mpaka mwenzetu azikwe. Hata aje gavana, atatembea.

Kabla ya daraja la Tshopo kulikuwa na bariyeri, kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili. Askari walizoea kuchukua kidogo, muhogo mmoja, chupa ya mawese, kisha tunapita. Siku ile mmoja wao, aliyelewa lotoko toka asubuhi, akashika usukani wangu.

"Kinga hii inabaki. Jeshi iko na lazima nayo."

"Shefu, hii njo maisha yangu."

"Maisha yako iko miguu. Enda nayo."

Wenzake wakacheka. Mimi nikaona vikwembe vya mke wangu vinakwenda na mlevi. Panga langu lilikuwa limechomekwa juu ya mzigo. Nililivuta, na nilijua nitalishusha wapi.

Mke wangu hakupiga kelele. Alilitoa panga mkononi mwangu kama unavyompokonya mtoto kijiko, akaliweka barabarani, akalikalia. Kisha akanyoosha miguu mbele, akafungua kitambaa cha kichwa, akaanza kulia kilio cha matanga, kile kinachopanda, kinashuka, kinapanda tena.

Wenzangu waliokuwa nyuma wakafika mbio.

"Mama, nani amekufa?"

"Kinga ya bwana yangu! Wameiua, na ilikuwa ingali kijana!"

Mmoja wao alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, weye kichwa yako haiko muzuri hata!" Lakini huku anacheka, akalaza kinga yake chini, ubavu wa kushoto, akakaa. Wa pili akalaza. Kila aliyefika aliuliza maiti ni nani, akacheka, akalaza. Njia ikajaa vyuma na mihogo na wanaume walioketi, na katikati mwanamke mmoja analia kwa machozi ya kweli.

Askari kijana, mtu wa mbali asiyejua mambo yetu, aliamini kuna maiti kweli, akavua kofia. Wenzake wakamzomea: "Bon, unalilia pneu, mupira ya kinga?"

Mlevi akanijia. "Simama!" Sikusimama. Akanipiga bega kwa kitako cha bunduki, nikaangukia kando ya mke wangu. Mkono wangu ulilitafuta panga wenyewe, nalo lilikuwa chini ya makalio yake.

"Ikaa," akaninong'oneza katikati ya kilio. "Ukisimama, leo tutazika mutu."

Nikakaa. Nimebeba magunia mengi maishani, hakuna lililokuwa zito kama kukaa pale.

Jua lilipopanda, mpishi wa komanda wa askari wale alitokea mjini na kikapu kitupu. Sokoni hakuna pondu, akasema, hakuna mawese, wamama wanauza chumvi tu. Baadaye komanda mwenyewe akaja. Alitutazama, akatazama mihogo inayokauka juani.

"Munataka nini?"

Mke wangu akafuta pua. "Tunataka kuzika, shefu. Lakini maiti iko nyuma yako pale. Utupatie, tuzike, tuende."

Komanda akauma mdomo asicheke, nilimwona. "Mupatie mama maiti yake."

Kinga ilirudi bila kengele na bila mzigo, lakini ilirudi.

Leo vijana wa mtaani wakikasirika wanarusha mawe na kuchoma pneu. Wanarudi na vidonda, kisha wananiambia, "Tonton, nyiye mulikuwa waoga." Nawaonyesha bega langu, ambalo mvua ikija linalia. Nawaambia: wale walihitaji mihogo yetu, nasi tukaacha kubeba, wote, siku moja. Ningekaa peke yangu, wangenipita juu. Na sitawadanganya, kuna bariyeri nyingine ambapo wenzetu walikaa na kinga zikaenda vilevile. Wao walirudi nyumbani kwa miguu, wakala, wakalala na watoto wao. Aliyetoa panga hakurudi. Mimi namjua mmoja, na mjane wake ni jirani yangu.

Nasema hayo yote, na bado nahisi maneno yangu hayana chumvi. Mke wangu angewaeleza vizuri zaidi, na matusi yake matamu. Vita vilipotulia, homa ilimchukua. Nilikuwa nimeanza kumrudishia vikwembe vyake. Cha kwanza nilimpa, akacheka, akasema rangi ni ya bibi kizee. Cha pili nilikinunua, hakukiona.

Siku ya maziko yake nilitoka nje nikakuta kinga zimelazwa toka mlangoni mpaka njia kubwa, kwa ubavu wa kushoto. Kwa mwanamke ilikuwa mara ya kwanza. Hakuna aliyewaita. Mpaka leo nikisikia kilio cha matanga kwa mbali, nasimama kwanza nisikilize kama sauti ni yake.

Nilicho nacho leo: nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, niliyoijenga mwenyewe. Shamba la mihogo kwenye njia ya Bengamisa. Mbuzi watano. Pikipiki moja, anaiendesha mwanangu. Kinga ile, haina tena mnyororo, imelazwa kando ya ukuta. Kikwembe cha kanisani na vile viwili nilivyonunua, sandukuni. Panga moja, la kukatia mihogo.