Samawati Si Nyeusi

Kwa Kingoni chetu cha zamani hatukuwa na jina la samawati. Kitu kilikuwa cheupe, cheusi au chekundu. Kilichobaki ulikisema kwa mfano, kama majani, kama majivu, na mwenzako akakuelewa. Kaniki ni nguo ya buluu iliyoiva, lakini kwetu ilikuwa nyeusi, maneno yakaisha. Wajukuu wangu wanacheka nikiwaambia. Wacheke. Mimi jina hilo moja nililipigania mbele ya watu, mchana kweupe, na njaa tumboni.

Nguo yenyewe aliniletea mume wangu. Alikuwa mpagazi, akibeba nta kwenda Kilwa, na safari yake ya mwisho kabla ya vita alirudi na shuka moja la buluu nyepesi, nyepesi hasa. "Mwenye duka anaiita samawati," akaniambia. "Maana yake rangi ya mbingu." Nikamjibu kwamba mbingu za Songea masika yote ni jivu tupu, huyo mwenye duka aje azione. Akacheka mpaka akakohoa. Nikajifunga palepale.

Kisha ikaja Maji Maji. Mume wangu alikunywa dawa, akaondoka na wenzake kwa njia ya Namtumbo. Dawa haikugeuza risasi kuwa maji. Waliorudi walikuwa wachache, yeye hakuwamo, na hakuna aliyesema amemwona amekufa. Wengine walidai amevuka Ruvuma kwenda kwa Wareno. Wajerumani wakawanyonga wakubwa wetu, askari wakachoma vihenge vya nafaka na mashamba. Tulikula mizizi ya porini. Wanangu wawili walibaki macho na magoti tu.

Ndipo akaja shemeji, mdogo wake mume wangu. Alikuwa na ulezi aliouficha pangoni kabla askari hawajafika. Na desturi yetu ilikuwa hivi: mjane anavishwa nyeusi, anakaa msiba, pombe ya kuondoa msiba inapikwa, kisha anarithiwa na ndugu wa marehemu. Mimi sikuwa nimevishwa kitu. Nilijifunga samawati yangu kila siku, maana sikuwa na nyingine.

Shemeji akaita ukoo, akaninyooshea kidole. "Huyu amevaa nyeusi tangu vita viishe. Msiba amekaa vya kutosha. Pikeni pombe."

Ala! "Nyeusi ipi?" nikamuuliza.

"Hiyo uliyojifunga."

"Hii ni samawati."

"Samawati ni neno la watu wa pwani. Hapa kwetu hiyo ni nyeusi." Kisha akanisogelea, akasema taratibu, na sidhani kwamba alikuwa anaigiza: "Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji. Watoto watakufa. Ulezi ninao."

Hapo nilitikisika. Niliutamani ule ulezi mpaka mate yakanijaa. Lakini nikikubali, nitakuwa nimemuua mume wangu kwa kinywa changu, na akirudi kutoka ng'ambo atanikuta nyumbani kwa mdogo wake. Thubutu! Nikasimama.

"Kufa kufaana," nikasema, "lakini hapa hajafa mtu. Nani ameona kaburi? Aseme." Nikawatazama mmoja mmoja. "Basi mimi si mjane. Nguo hii nilipewa pamoja na jina lake la samawati, na vyote viwili ni vyangu. Leteni kaniki tuone."

Shangazi yake mume wangu ndiye aliyekuwa akiwavisha wajane wa ukoo. Alikuwa amejitanda kaniki mabegani. Akaivua, akaitandaza juani, akaniambia nilaze upindo wa shuka langu juu yake. Hata mtoto angeona kwamba hazifanani. Akaushika ule upindo, akawageukia wanawake: "Kuna mjane niliyewahi kumvisha hii?" Wakasema hakuna. "Basi huyu sijamvisha. Na nisipomvisha mimi, hakuna msiba."

Shemeji akaondoka bila kuaga, na ulezi wake asitupe hata konzi. Nilichimba mizizi mpaka kucha zikaning'oka. Mvua zilipoanza nikaomba mbegu kwa shangazi, nikalima. Wanangu walipona, wote wawili.

Miaka ikapita. Siku moja akaja mtu kutoka ng'ambo ya Ruvuma, aliyekuwa mpagazi pamoja na mume wangu. Alikaa, akanywa maji, akaniambia kwamba alimzika yeye mwenyewe, ukingoni mwa mto, vita vilipokuwa bado havijaisha. Kumbe siku ile niliyosimama mbele ya ukoo nikaukana ujane, nilikuwa mjane tayari. Sijutii. Wa kuniambia alikuwa mtu aliyeona kaburi, siyo mtu aliyeona nguo. Nilimshukuru, nikaenda kwa shangazi kwa miguu yangu. "Nivishe," nikamwambia. Akaichukua kaniki.

Watu wakaja kunipa pole. Shemeji naye akaja, na mkewe. Nilimkata jicho, sikatai. Angetaja habari ya kurithi ningemtoa nje mbele ya wageni. Akasimama mlangoni, hajui pa kuweka mikono. "Kaka yangu," akalia, "kaka yangu," kilio cha mtu aliyekibana miaka yote ile. Nilipoukataa msiba, nilimkatalia na yeye, na hakuwa na mahali pengine pa kumlilia ndugu yake.

Nikasogea kwenye mkeka, nikampa nafasi, akakaa.