Bibi Asiyejibu Salamu

Mwenye video aliponiambia, "Mwite mchawi, kijana, watu wataelewa," nilipaswa kukataa. Nilipaswa kutoka kwenye kile kibanda cha video nirudi nyumbani Pito kupukuchua mahindi, kama bibi alivyokuwa ameniagiza. Ilikuwa asubuhi, jua limeshachomoza, akili zangu timamu, na hakuna aliyenishika shati. Nikasema, "Haya." Neno lenyewe ni dogo hivyo.

Nimelikumbuka juzi kwa sababu ya luninga. Wajukuu zangu wanafuatilia tamthilia moja ndefu isiyokwisha, na kabla haijaanza walimleta mtaalamu mmoja kuielezea. Akasema hadithi ya namna ile ni kioo cha jamii, kwamba taifa zima likikaa kutazama kitu kimoja linajifunza kupendana, kuheshimu wazee na kuchukia dhuluma. Mkwe wangu akaitikia kwa kichwa. Kila ninaposikia mtu akikisifia kioo, huwa najiuliza ni nani aliyekishika na amekielekeza wapi.

Kama una umri wangu, rafiki yangu, unaikumbuka miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yakaanza kunukia sabuni. Mitumba ikaingia kwa marobota kwa njia ya Tunduma, na mimi, niliyekuwa nikienda shule na baridi ya Juni imenitoboa mbavu, nikavaa koti zito la mtu nisiyemjua, lenye kifungo kimoja cha rangi ya dhahabu. Lakini pamoja na makoti yakaja makufuli. Mlango wetu zamani tuliufunga kwa kijiti, ili mbuzi wasiingie. Sasa kila mtu akawa na kitu, na kila mwenye kitu akaulizwa kakipata wapi. Mtu akiezeka bati, watu walipita taratibu mbele ya nyumba yake, wakatazama juu, kisha wakaulizana ni nani aliyekufa kwenye ukoo ule mwaka huo. Jina la mji wetu lenyewe humwambia mgeni atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Miaka ile tukaanza kuwapekua wenyeji.

Bibi yangu alikuwa mkunga. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenipokea siku niliyozaliwa, mimi na nusu ya watoto niliocheza nao. Nikifumba macho namwona jikoni, moshi wa kuni za mkaratusi umemzunguka, anasonga ugali wa ulezi kwa mikono miwili huku amekibana chungu kwa unyayo wake mgumu. Pembeni maharage yanachemka, au migebuka, samaki wakavu waliotoka ziwani Tanganyika, ambao harufu yao ilinifikia tangu mtoni. Alikuwa anacheka kwa urahisi. Alikuwa na kapu la ukindu lililofunikwa kitambaa cheupe, na ndani yake mlikuwa na wembe mpya, uzi, sabuni na kanga kuukuu zilizofuliwa zikalainika. Kapu lile hatukuruhusiwa kulichezea hata kwa ncha ya kidole.

Na alikuwa na mwiko wake mmoja. Akiitwa kwa mwanamke mwenye uchungu, tangu avuke kizingiti chetu mpaka afike kwa mzazi, hakumsalimu mtu wala kujibu salamu ya mtu. Hata apite mbele ya padri. "Salamu inafunga njia," aliniambia. "Ukianza na habari za nyumbani, utaulizwa za shamba, utaulizwa za mbuzi, na mtoto anakusubiri." Watu wazima walilijua hilo, wakampisha. Wakimwona anakuja na kapu, macho yapo mbele, walisema, "Huyo, kuna mtu anakuja duniani," wakaendelea na majembe yao.

Kibanda cha video kilifunguliwa mjini nikiwa kidato cha pili. Kuta za matofali mabichi, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi, luninga ndogo kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma kama altare, na nje jenereta linalokohoa. Jumapili baada ya misa ya pili tulijaa mpaka magoti ya mtu yanachoma mgongo wa mwenzake. Picha iliyotuteka kuliko zote tuliiita ya Kisima. Ilikuwa ya Mashariki ya mbali, mikanda sita, inahusu kijiji kilichonyang'anywa kisima chake na tajiri mmoja, na kijana aliyekua bila kujua kwamba baba yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa kisima hicho. Kijana huyo ndiye stelingi. Watu wa picha waliongea lugha yao, na chini yalipita maandishi ya Kiingereza, mbio kama panya. Mwenye video alinichukua mimi nisimame kando ya luninga na kipaza sauti niyageuze Kiswahili, kwa sababu nilikuwa nasoma sekondari na nina sauti.

Mtaalamu wa juzi angetuona angefurahi. Ndani ya kibanda kile walikaa Wafipa, Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao, karani wa halmashauri aliyetoka Pwani na fundi cherehani wa Kinyamwanga. Stelingi alipomgawia adui yake maji ya mwisho, wote walipiga kelele kwa pamoja: "Huyo ndiye ndugu!" Alipompigia magoti mama aliyemlea, nilisikia wanaume wazima wakivuta kamasi. Hakuna aliyetufundisha mahali pa kulilia. Tulitoka nje macho mekundu, tukapeana mikono, kisha kila mtu akapapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo wa kufuli lake upo.

Sasa, mkanda wa kwanza. Asubuhi ile ya Jumamosi tulikuwa wawili tu, mimi na mwenye video, tunaujaribu. Mwanzoni kabisa nyumba ya mlinzi wa kisima inaungua, na bibi kizee anatoka kwa mlango wa nyuma amebeba kapu lililofunikwa. Mlinzi wa lango anamsalimu. Hajibu, anapita. Maandishi yakamtaja kwa neno ambalo nililijua nusu. Mwisho wake lilisema mke. Mwanzo wake sikuuelewa.

"Ni mke wa mtu fulani," nikasema.

"Mke wa nani, na uzee huo?" Mwenye video akacheka. "Rudisha nyuma. Tazama. Nyumba inaungua, kizee anatoka na kapu, salamu hajibu. Huyo ni nani?"

"Labda nikaulize kamusi kwa mwalimu."

"Kamusi itanijazia mabenchi? Mwite mchawi, kijana, watu wataelewa."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa umbali wa kumaliza muwa mmoja. Nikasema, "Haya."

Kesho yake nilipolisema kwenye kipaza sauti, nikilivuta kidogo kama nilivyowasikia watangazaji wa mpira, kibanda kizima kilivuta pumzi.

"Ehee! Salamu hajibu!" mmoja akasema gizani.

"Na kapu lake!"

Kisha sauti ya mwanamke, kwa upole, kama mtu anayekumbuka alikoweka sindano: "Kama yule wetu wa Pito."

Wakacheka. Nami, kipaza sauti kikiwa mkononi mwangu, nikacheka nao, ili wasijue kwamba limenigusa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mwalimu wangu wa Kiingereza. Nilimkuta uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na kitabu au umekuja na njaa?"

Nikamtajia lile neno. Aliacha kupepeta. "Mkunga, bwana! Unalala nyumba moja na mkunga, na neno lake hulijui?" Alicheka mpaka makapi yakamrudia usoni. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo nilijua. Naliandika hili wazi kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikijisimulia kwamba lilikuwa kosa la kamusi, kosa la mtoto. Kosa la mtoto lilidumu wiki moja. Baada ya hapo lilikuwa langu.

Katika mkanda wa nne yule bibi kizee anarudi. Stelingi anamkuta kwenye kibanda cha nyasi, naye anamwonyesha kapu lilelile, limechakaa, na kumwambia: nilikupokea mikononi, nilikutoa motoni humu ndani, sikumjibu mtu njiani ili usilie ukasikika. Kijana anapiga magoti, anauchukua mkono wa bibi na kuuweka kichwani pake. Niliyasoma maandishi yote. Yalipita polepole, kama yalikuwa yananisubiri. Watu wote walinigeukia mimi.

Ningesema, "Jamani, nilikosea, huyu ni mkunga." Ni maneno matano tu. Lakini mitaani nilikuwa nimeshapewa jina, wenzangu waliniita Sauti, na wasichana wa kidato cha kwanza walilijua jina hilo. Nikaona watanicheka. Nikasema, "Anakiri! Kizee anakiri kwamba ndiye aliyemwiba mtoto!" Na kwa kuwa stelingi alikuwa bado amepiga magoti, nikaongeza, "Anajifanya kumheshimu, apate kumkamata."

"Usimwamini!" kibanda kikalipuka. "Stelingi, usimwamini huyo!"

Mkanda wa tano, adui anatupa mkuki na yule bibi anaukinga kwa kifua chake ili kijana apone. Watu walishangilia. Waliruka juu ya mabenchi. Walikishangilia kifo cha mtu aliyemfia mtoto aliyempokea, na mimi niliwaongoza kwa kipaza sauti.

Hawakuwa watu wabaya. Mpaka leo nakutana nao kanisani, tunauliziana hali ya miguu. Walichokuja nacho ndani ya kibanda ndicho walichokiona: heshima kwa mama, huruma, ndugu kumgawia ndugu maji, na hofu ya aliyepata bati. Bibi alikuwa ameezeka bati mwaka huohuo, kwa fedha za maharage yake. Mimi niliiokota ile hofu nikaipa uso.

Watoto ndio walioanza. Akipita na kapu walijificha nyuma ya matuta, wakaita, "Kizee wa Kisima!" Naye, kwa kuwa yuko njiani kwa mzazi, hakujibu, na kutojibu kwake kukawa ushahidi. Kisha wazazi wakapungua. Mwanamke wa nyumba ya tatu alijifungua mapacha bila kumwita, na hatukupelekewa hata habari. Waliobaki kumwita ni wake wa wafugaji waliokaa pembeni ya kata, ambao hawakuwa na muda wa video. Nao wakahama na ng'ombe zao kuteremka bondeni.

Jioni moja tunapukuchua mahindi, bibi akaniuliza bila kuinua macho, "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayesema kule ndani. Huyo bibi wa kwenye picha, alifanya nini?"

Mkono wangu ukasimama kwenye gunzi. "Ni picha tu, bibi. Mambo ya kutunga."

"Mm." Akachukua gunzi jingine. "Na mimi nilifikiri hivyo."

Aliendelea kufua kanga zake kila mwezi, kuzikunja na kuzirudisha ndani ya kapu. Nilimwona akifanya hivyo miaka saba.

Kisha nikaoa. Mke wangu alishikwa na uchungu asubuhi ya mvua kubwa, hapahapa Pito. Njia ya kwenda mjini imekatika, na gari tuliloahidiwa limekwama kwenye tope. Bibi hakuitwa. Alisikia mwenyewe. Niliona kapu kwanza, likipita kati ya mahindi, kisha yeye, amelowa, macho yapo mbele. Alinipita bila kunisalimu, na moyo wangu ukafurahi, kwa sababu nilijua maana yake.

Mama mkwe alisimama mlangoni. Akamtazama bibi, akalitazama kapu. "Huyu haingii," akasema. "Kila mtu anamjua." Nikaijua ile sauti ya upole, ya mtu anayekumbuka alikoweka sindano.

Nilifungua mdomo. Ili nimwondoe mama mkwe pale mlangoni ilinipasa kusema ni nani aliyemfundisha anachokijua. Nikasema, "Mama, tafadhali," basi, na mama mkwe akafunga mlango. Bibi alisimama uani kwenye mvua, kapu mkononi, mpaka gari lilipofika karibu na adhuhuri. Hakukaa hata tulipomletea kigoda. Mtu aliye njiani kwa mzazi hakai.

Kibanda cha video sasa ni duka la simu. Mashamba ya ulezi yamepungua, watoto hawautaki ugali mweusi. Kapu lilioza darini kwetu, na bibi alizikwa bila mimi kumwambia. Wajukuu wananiita nikaangalie tamthilia, wananiambia kuna bibi mmoja mbaya sana humo. Nawauliza, "Nani kawaambia ni mbaya?" Wanacheka, wanadhani babu ameanza kuchanganyikiwa.

Sijui kama mikono ya bibi ingetosha siku ile. Mwenye kujua kazi alikuwa hatua kumi kutoka kitandani, na aliyemzuia nilikuwa mimi, tangu Jumamosi ile niliposema haya. Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa amekufa. Mke wangu alipona, lakini hakuzaa tena. Wajukuu ninaowataja ni wa binti wa marehemu ndugu yangu, niliyemlea. Wa damu yangu sina.