Mabeseni ya Swala Wawili

Nilikuwa nauza vyombo vya mitumba katika soko la Konyo Konyo, nami nilijiona mjuzi. Sufuria nikiinyanyua tu, najua imebakiza miaka mingapi jikoni. Kisha akaja mama mmoja wa mtaa wa Jebel, akanionyesha kwamba sijui kitu.

Alitaka mabeseni makubwa ya enameli, yale meupe yenye ukingo wa buluu, tena si yoyote: lazima yawe na muhuri wa swala wawili chini ya kitako. Mapya kutoka Kampala aliyasukuma pembeni kwa mguu. Uhuru wa nchi yetu ulikuwa haujatimiza mwaka, kila mtu mjini anataka kitu kipya, naye anatafuta makuukuu yenye kutu. Wajinga ndio waliwao, nikasema moyoni.

Siku moja nikalipata la swala. Nikalisugua kwa mchanga na jivu asubuhi nzima, ling'ae, nimtoze vizuri. Alipoligeuza, muhuri hakuna. Nilikuwa nimeufuta mimi mwenyewe.

"Ya bint, wewe nasugua mpaka alama yake?"

Nikaanza kuapa kwa Mungu na kwa mama yangu. Akaninyamazisha kwa mkono, akaliinua kwa vidole vitatu kulipima uzito, akaligonga kwa ukucha, akalitegea sikio huku amefumba macho. Soko lile na kelele zake zote, pikipiki, wapiga debe, na yeye anasikiliza beseni!

"Kweis," akasema, yaani safi. "Hii iko yenyewe."



Nikambebea mpaka nyumbani kwake. Yalikuwa manane yametundikwa ukutani, hakuna lililowahi kufuliwa nguo. Nikamuuliza kwa nini haya tu. Akinimiminia chai, akanieleza kwamba katika vita vya zamani mama yake alikimbilia Uganda naye akiwa kichanga cha wiki tatu. Walikuta mto umefurika na daraja hakuna. Mama akamlaza ndani ya beseni la swala, akalisukuma mbele yake huku akiogelea. Jirani yao alimlaza mwanawe katika beseni la aina nyingine, la bati jepesi, nalo lilijikunja katikati ya maji. Hapo akaniongezea chai. Niliona aibu kwa jinsi nilivyomdharau.

Miaka michache baadaye vita vipya, vya kabila kwa kabila, vikaingia mjini. Nilikuwa na mtoto wa miezi miwili. Barabara ya Nimule, ya kwenda Uganda, haipitiki, watu wanaondoka kwa miguu kupitia porini, na mvua imejaza mito yote. Nikapita kwake kumuaga.

Uani walijaa wanawake, kila mmoja na kichanga chake. Alikuwa akiyashusha mabeseni ukutani, moja moja. Analigonga, analisikiliza, anampa mama aliye mbele yake, anashika lingine. Hakumuuliza mtu kabila lake. Nilisimama mlangoni. Miaka yote ile nilidhani anakusanya kumbukumbu.

Likabaki moja.

"Mama, hilo ni lako," nikasema. "Wewe utavuka na nini?"

Akamtoa mwanangu mgongoni mwangu, akamlaza ndani yake, akamfunika kwa leso.

"Mimi nilishavuka," akasema. "Peleka huyu."