Jibu Ambalo Mama Hakulitoa

Niliisikia mashine ya kufyekea kabla sijaiona bustani. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka basi, kona mbili kutoka kwenye kiwanja chetu kaskazini mwa Minneapolis, na ule mvumo ulikuwa ukipanda na kushuka, ukikoroma kila ulipokutana na shina gumu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mzee ameanza kazi mapema, wageni wa kesho watakuta pasafi. Nikatembea bila haraka. Nikikumbuka sasa, ule mwendo wangu wa pole ndio unaoniuma.

Kikundi chetu kilikuwa cha wakulima weusi wa mjini, waliozaliwa hapa na sisi tuliokuja, na tulikuwa watatu tuliokiongoza. Mzee alikuwa dereva wa basi mstaafu, mjukuu wa watu waliolima pamba kusini mwa Marekani. Yeye ndiye aliyekiomba kiwanja na kutunza zana. Mama, kama sote tulivyomwita, alitoka mashariki ya Kongo kwa njia ndefu ya kambi ya wakimbizi. Huyo ndiye aliyejua udongo. Mimi, binti wa Nakuru niliyekula mboga maisha yangu yote bila kupanda hata mche mmoja, nilikuwa mdomo wao. Mzee hakujua Kiswahili, Mama hakuwa na Kiingereza cha kutosha, na kila walichoambiana kwa miaka mitatu kilipita kinywani mwangu.

“Muulize Mama,” mzee angesema, “hiki alicholima ni bustani au ni msitu?”

“Mwambie,” Mama angejibu bila kuinua kichwa, “yeye hakupanda mboga, alipanda jeshi. Yote inasimama mustari, inangoja mukubwa apite.”

Mzee alikuwa akicheka hata kabla sijamaliza kutafsiri.

Msitu wa Mama ulikuwa na utaratibu wake. Lengalenga, mboga ambayo kwetu tunaiita terere, aliichuma majani kila wiki, lakini katika kila tuta aliacha mashina machache, yale yenye afya kuliko yote, bila kuyagusa. Aliyafunga kitambaa chekundu, akayaacha yarefuke, yainame, yakauke hadi yafanane na takataka. Hayo ndiyo yaliyobeba mbegu. Mbegu za kwanza alikuja nazo ndani ya kopo la poda ya mtoto, na zilitoka katika shamba la mama yake mzazi. Mwaka ule wa mashine alizipanda zote, za zamani na za mavuno yaliyotangulia, hadi ya mwisho koponi, kwa sababu nyingi zilikuwa zinazeeka na alitaka kulijaza kopo upya.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa hata nimeyaandika.

Siku moja kabla ya ile mashine, mzee alinipigia simu. Wenye kiwanja walikuwa wanakuja kuangalia kama watatuachia tulime mwaka mwingine. “Yale marefu yaliyoinama kule nyuma yananitia wasiwasi,” alisema. “Muulize Mama kama amemaliza nayo. Kama bado, niambie tu, nitawaeleza wageni.”

Nilikuwa kituoni, nasubiri treni ya Saint Paul, mji wa jirani, ambako waandishi wenzangu walikuwa wakiningoja nisome. Kurasa zilizokuwa mkobani mwangu zilimhusu Mama na kopo lake la poda. Mama mwenyewe alikuwa kazini kiwandani, simu yake imefungiwa kabatini hadi jioni. Mwaka uliotangulia, wakati kama huo, alikuwa ameshapukuchua mbegu zake na kuzianika. Sikukumbuka kwamba mwaka ule theluji ilituganda hadi Aprili, na kila kitu kilichelewa.

“Amesema sawa,” nikamwambia mzee. “Kata tu.”

Treni ikaja. Jioni ile nilisoma vizuri. Mtu mmoja alifuta machozi.

Kesho yake nilipofika bustanini, mzee alikuwa amezima mashine, anajipangusa jasho. Kipande cha kitambaa chekundu kilikuwa kimenasa kwenye kamba ya kiatu chake. Niliokota suke moja, nikalisugua kiganjani. Mbegu ya lengalenga ikikomaa huwa nyeusi na ngumu, inateleza. Hizi zilikuwa nyeupe, laini, zikapondeka zikawa maji.

Mama alikuja siku iliyofuata, baada ya wageni kuondoka. Alisimama mbele ya tuta, mkoba wake wa kazini bado begani.

“Muulize kwa nini amekata.”

“Anasemaje?” mzee akauliza.

Hapo ndipo ningeweza kuliokoa jambo. “Anasikitika,” nikasema. “Anasema ni bahati mbaya.” Kisha nikamgeukia Mama: “Hakujua, Mama. Anaomba msamaha.” Mzee hakuwa ameomba kitu. Angeomba msamaha wa nini, naye aliambiwa kata?

Tangu siku hiyo Mama alimpita mzee bila salamu. Mzee naye hakuelewa mtu anawezaje kukubali jambo kisha akalinunia. Utani ulikwisha. Wiki kadhaa zilipita sina cha kutafsiri, na bado sikusema.

Nilisema Oktoba, katika chumba cha chini cha kanisa tulikofanyia mkutano wa kufunga msimu, wengine walipokwisha kwenda. Nilikuwa nimenunua pakiti ya mbegu katika duka moja la Kiafrika la Brooklyn Center. Niliiweka mezani, nikaeleza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Mzee alitazama mikono yake. “Ningengoja, binti,” alisema. “Ningengoja hata mwezi.”

Mama aliichukua pakiti, akaangalia picha iliyokuwa juu yake, akairudisha. “Aksanti. Lakini hii ni lengalenga ya watu wengine.”

“Nisamehe, Mama.”

“Mbegu ningekusamehe, mutoto yangu. Nilipoteza bintu mingi kupita mbegu.” Hakuwa amepandisha sauti. “Lakini hii miaka tatu yote, sasa miye sijue maneno gani ilikuwa yangu, na gani ilikuwa yako.”

“Anasemaje?” mzee akauliza.

Safari hii nilimtafsiria neno kwa neno. Mzee alifumba macho.

Mama alitoa ufunguo wa kibanda cha zana, akauweka juu ya ile pakiti. Akavaa koti lake, akalifunga vifungo vyote. Kisha akamwendea mzee na kumpa mkono, akazungumza naye kwa Kiingereza chake mwenyewe, polepole, akilitafuta kila neno.

“Mistari yako,” alimwambia, “ni mizuri sana, kaka.”

Mzee alimwelewa. Hakuna aliyenitazama.

Akapanda ngazi. Mlango wa juu ulikuwa mzito, wa kuzuia baridi, wenye mkono wa chuma unaourudisha taratibu, na hewa ya nje ilitufikia hadi mezani wakati ukirudi. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwita. Nilitafuta neno ambalo lingekuwa langu na kweli, na kabla sijalipata kitasa kikalia, mlango ukawa umefungwa.