Ya Mado, na ile sura yenye walibandika pembeni yako

Mupaka sasa kichwa yangu inakataa. Ya Mado, coach wetu, dada mukubwa wetu, alikufa juzi saa ya entraînement, ya mazoezi. Tension, presha ya damu, ilimupanda akiwa na firimbi mu kinywa. Akaketi chini kama mutu anapumzika. Tulingoja asimame.

Nilitaka kuandika maneno matamu tu. Lakini natoka makaburini sasa hivi, vumbi iko ku miguu, na roho inanichafuka. Musinikasirikie.

Kwa wenye hawakumujua: yeye njo alianzisha équipe yetu ya mupira, timu ya wanawake, hapa Kisangani. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Ilikuwa ile vita ingine ya zamani, wakati majeshi ya kigeni yalipigana ndani ya mji wetu na bombe zilikuwa zinaanguka mupaka mu vyumba vya watu.

Alikuwa musichana wa Wagenia, papa yake anavua samaki pale ku maporomoko. Bunduki ziliponyamaza, akakusanya wenzake ku uwanja wenye mashimo. Mupira wao ulikuwa vitambaa vyenye kufungwa na kamba ya mitego ya papa yake.

Watu wakawazomea: "Hamutaolewa! Hamutazaa!"

Akawajibu: "Tutazaa, na magoli tutafunga. Ngojeni tu."

Kidogo kidogo équipe ikakua. Wasichana wa katikati ya mji wakaja. Wa ng'ambo ya mto wakavuka na pirogue, na mitumbwi. Papa mumoja wa biashara, mutu wa Butembo, akawapa maillot, jezi za kwanza: za njano, zote saizi ya mwanaume, ziliwafika mu magoti.

Siku moja walipanda treni kwenda kucheza Ubundu. Treni ikaharibika katikati ya pori. Ya Mado akawashusha wote, wakafanya entraînement pembeni ya reli, abiria wakiwashangilia.

Mimi nilifika kwake na mutoto muchanga. Baba wa mutoto alikuwa ameenda zake, shule nilikuwa nimeacha. Nikasimama mbali.

"Wewe, unajua kukimbia?"

"Coach, niko na mutoto."

"Sikukuuliza mutoto. Nipe huyo."

Akamufunga ku mugongo wake na liputa, kitenge chake, akaendelea kupiga firimbi. Kwake ilikuwa sheria: mama akiingia mu uwanja, mutoto anapanda ku mugongo ya coach. Kuna match moja alibeba mapacha, mumoja mbele, mumoja nyuma, na akamugombeza arbitre hivyo hivyo. Arbitre alishindwa kumupa kadi!

Wakati watu wa ng'ambo walianza kuchomeana nyumba, kabila na kabila, wasichana wetu wa pande zile mbili walikataa kupeana pasi. Ya Mado akawakalisha mbele ya sahani moja ya pondu, majani ya muhogo. "Mwenye hakuli na mwenzake, hachezi." Walikula wakilia, lakini walikula.

Na sasa, na hii vita ya mashariki, wanawake wenye kukimbia wanashuka na barabara ya Bafwasende, vifurushi ku kichwa. Ya Mado aliwapa viatu vya mupira kabla ya kuwauliza jina.

Bon. Sasa sikieni mambo ya leo.

Monsieur Président wa komite ya équipe alifika ku matanga. Huyu papa hatujamuona ku entraînement hata siku moja. Alikuja na mutu wa kamera, na T-shirt za kilio zenye alichapisha yeye mwenyewe. Tukapokea, tukavaa juu ya maillot zetu, ni desturi. Kisha tukaangalia vizuri.

Picha ya Ya Mado ilikuwa ndogo kama stempu, kule pembeni. Katikati iko sura ya Président, anacheka meno yote.

Anacheka! Ku kilio! Haki ya Mungu!

Akashika micro: "Hii équipe mimi njo niliizaa. Sasa tunaingia mu wakati mupya. Wamama wenye watoto, merci beaucoup, mubaki nyumbani. Tunataka wasichana wabichi."

Wabichi. Kama samaki ya soko. Na Ya Mado amelala pale mbele yake, hatujamuzika.

Capitaine wetu Chantal, mama wa watoto watatu, akasimama. Alivua ile T-shirt mbele ya watu wote, akaigeuza ndani-nje, akaivaa tena. Sura ya papa ikaenda kukaa mu jasho.

"Mwenye anageuza ametoka mu équipe!" Président akapiga kelele.

Gardienne, kipa wetu, akageuza. Mimi nikageuza na woga, maana bila équipe mimi niko nani? Wale wa ng'ambo wakageuza, kabila zote mbili. Hakubaki mutu.

Shangazi ya marehemu akasema: "Eh Papa Président, équipe yako iko wapi sasa? Utacheza na kamera?"

Matanga nzima ikacheka, hata wenye walikuwa wanalia.

Akaenda na hasira. Mipira yote iko imefungwa kwake. Alors, na alale nayo. Watu wa namna hii wanangoja ufe njo wakupende, halafu hata upendo wenyewe wanajipiga nao picha. Tsuu!

Wanaume walisema jeneza haiko kazi ya wanawake. Tukawaonyesha mabega, tukaibeba sisi. Tulimuzungusha uwanja wake wote, kisha tukamupeleka makaburini.

Pale pale ku kaburi, Chantal akanishika mukono: "Wewe njo utatufundisha."

"Mimi? Sikumaliza hata shule!"

"Na nani amekuomba diplôme? Uko na macho, uliona vile alikuwa anafanya."

Nimekubali. Naogopa, lakini nimekubali.

Kesho asubuhi, jua likitoka, tuko ku uwanja. Mwenye iko na mupira alete. Mwenye iko na mutoto aje naye, hakuna mama mwenye atafukuzwa.

Asante, Ya Mado. Ulichoka kwa ajili yetu miaka mingi. Lala muzuri, dada yangu, lala kabisa. Sisi kesho tunaamka mapema.